Jinsi ya kuandaa siku ya kuwatuza wanagenzi bora, kwa karakana na vyuo vidogo vya huku Lamu

Kila ukikaribia mwezi wa 7 simu yangu haipumziki. Huyu anauliza tuzo anunue wapi, yule anauliza mgeni rasmi awe nani, mwengine kashachapisha bango zamani na hajui hata anamtuza nani. Maswali ni yaleyale mwaka nenda mwaka rudi, sasa nimeona nikae kitako niyaandike mahali pamoja, mtu akiniuliza tena namtumia hii alafu naendelea na randa yangu.

Mimi ni seremala, nna vijana karakanani na huwa naitwa pia na vyuo vya ufundi kuamua kazi za wanafunzi. Makosa ntakayoyataja humu mengi nimeyafanya mwenyewe. Mwaka wa kwanza tulipofanya sherehe tulinunua vikombe, vile vya plastiki vya rangi ya dhahabu vyenye vishikio kama masikio ya punda. Kijana alieshinda useremala akapigiwa makofi mpaka akaona haya. Miezi kama mitano hivi baadae nikampitia kwao kumwita kazini, kikombe nikakiona dirishani kimetiwa miswaki ya nyumba nzima, nikamuuliza basi chukua patasi zako twende, akanambia hana, huwa anaazima kwa fundi akimaliza anarudisha. Yaani tumemtangaza fundi bora mbele ya mji mzima na hana hata patasi ya kutobolea tundu la kitasa! Karibu kila nitakachosema hapa chini kinatokana na ile miswaki.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

- Miezi 2 mkononi. Wiki 2 hazitoshi, usijidanganye.
- Orodha ya vijana wote, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, na kila mmoja ameingia lini.
- Waamuzi 3, na angalau 2 kati yao wasiwe wa karakana yako wala chuo chako.
- Mtu mmoja wa daftari la pesa. Asiwe ndie mwenye kununua.
- Pahali penye kivuli na choo.
- Kalenda ya Kiislamu na jedwali la maji, au namba ya nahodha unaemwamini.
- Ahadi za wafadhili zilizoandikwa. Ile ya "usijali, niachie mimi" usiihesabu.

Spika na maiki ni vizuri ukipata, lakini kama watu hawazidi 60 na mshereheshaji ana sauti, achana navyo, pesa hiyo nunua msumeno.

HATUA ZENYEWE

1. Amua unatuza nini, kabla ya kuamua unamtuza nani.

Hapa ndo wengi wanapoangukia. Wanaanza na jina ("yule mtoto wa Bi fulani ana adabu sana") alafu wanatafuta sababu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, lakini mimi nshaona pete ikivikwa chanda cha mpwa wa mwenye kamati, na wenzake wamekaa pale nyuma wanachekea chini chini kwa sababu wao wanajua viungo vya mbao vya nani vinaachana.

Weka tuzo chache. Kwa karakana ndogo au chuo chenye vijana 40 hivi mimi naweka 4 basi: kazi safi kuliko zote kwa kila fani kubwa mlizonazo (chagua 2), alieendelea zaidi tangu aingie, na ile ninayoipenda mimi, aliekosea akaliponya kosa lake. Hii ya mwisho watu huniuliza maana yake nini. Fundi yeyote atakata ubao mfupi siku moja, hakuna alienusurika. Kuna anaeficha kwa gundi na vumbi la mbao, na kuna anaekwambia "fundi nimekosea" alafu anakaa anafikiri akatia kiraka ambacho ukipitisha kidole hukihisi. Huyo wa pili ndie utakaemwachia nyumba ya mtu ukaenda zako Ijumaa.

Tahadhari: usituze mahudhurio peke yake. Kuja kila siku ni wajibu. Na usimpe kila mtu tuzo ili wasisikitike, watakaosikitika ni wale waliofanya kazi.

2. Chagua tarehe, na hapa nakuomba utulie.

Wengi wanapenda tarehe 15 Julai kwa sababu ni Siku ya Ujuzi wa Vijana Duniani, Umoja wa Mataifa waliitangaza mwaka 2014, na ni siku nzuri, hata maofisa huwa na moyo wa kuja. Tatizo ni kwamba Julai ni kusi, bahari imechafuka, na kama una wazazi wa kutoka Faza, Siyu au Kizingitini basi ujue unawatia kwenye mashua na mawimbi. Haikatazwi. Ila kama vijana wako wengi ni wa visiwani, fikiria kungoja bahari itulie.

Alafu kuna maji. Watu wa mjini tunasahau kwa sababu sisi tunakwenda kwa miguu. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji kwetu hujaa kwenye saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, maana yake saa 4 asubuhi yametoka kabisa. Na wewe bango lako limeandikwa nini? "Saa 4 kamili asubuhi." Boti zinazopita Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, zitakwama matopeni na mama wa watu kavaa nguo yake mpya anangoja maji yarudi. Hili limenitokea, mshindi wangu wa kwanza aliitwa mbele mama yake yuko njiani anatazama mikoko.

Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku 3 au 4 kabla ya mwezi mpevu au mwandamo huwa yanajaa kwenye saa 7 au 8 mchana. Hizo ndo siku zako. Wageni wanakuja na maji yanayopanda, mnaanza saa 5, mnasali Adhuhuri, mnakula, kufikia saa 9 boti zinaondoka bado maji yapo. Hakikisha na nahodha lakini, usinitegemee mimi seremala.

Usiweke Ijumaa. Usiweke Ramadhani, na kumbuka kila mwaka inarudi nyuma siku kama 10 au 11, usitumie tarehe ya mwaka jana. Na mwisho wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji hauna nafasi hata ya kusimama, viti vyote vimekodishwa.

3. Pesa.

Fupi: anza na ulichonacho, alafu omba kitu, usiombe pesa. Mwenye duka la vifaa ukimwambia nisaidie shilingi atakwambia biashara mbaya, ukimwambia nipe patasi moja na ntalitaja duka lako mbele za watu, mara nyingi anatoa. Kila kilichoahidiwa kiandike, nani, nini, lini, na ukichukue wiki 2 kabla. Katika kila shilingi 100 utakayopata, mimi nasema 60 ziende kwenye tuzo zenyewe, 25 chakula, zilobaki ni nauli za boti, vyeti na viti. Ukiona chakula kimepita tuzo jua unafanya karamu.

4. Toa kazi ya mtihani, moja kwa wote wa fani moja.

Kazi ya mwaka mzima huwezi kuilinganisha, mmoja kapewa mbao nzuri mwengine kapewa masalio. Kwa hiyo wape kitu kimoja, vifaa sawa, muda sawa, na usitangaze mapema ni kitu gani.

Seremala: fremu ya dirisha dogo yenye viungo vya ulimi na tundu pembe zote 4, bila msumari. Wa nakshi: kibao cha upana wa shubiri mbili, mchoro mmoja kwa wote, wachonge mpaka mwisho. Mwanagenzi wa mashua huwezi kumwambia aunde jahazi, mpe mbao 2 azikutanishe kwenye taruma (ubavu wa mashua), atoboe kwa keekee, apige misumari na atie kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa. Cherehani: kanzu ya mtoto au gauni lenye mikono na kola. Umeme: ubao wenye taa 2, swichi na soketi. Mashine za boti: injini moja mliyoiharibu nyie wenyewe kwa siri, aseme ina nini alafu aitengeneze.

Tahadhari: kazi ifanyike mbele yenu. Ikipelekwa nyumbani itarudi na mkono wa kaka yake mkubwa.

5. Kuamua. Hapa kaa sana.

Kila kazi ipe namba, jina lisionekane. Namba iandike kwa penseli upande wa chini wa kitu chenyewe, usibandike karatasi, karatasi zinabanduka na siku hiyo kuna upepo. Hata hivyo nikwambie ukweli, Lamu hii kuficha jina hakusaidii sana kwa sababu fundi mzoefu akiona mkato anajua huyu kafunzwa na nani, na yule aliemfunza ni shemeji yake. Ndo maana nasema lete waamuzi wa nje. Fundi wa Matondoni aje aamue kazi za mjini, wa mjini aende Matondoni, na ukiweza kupata mmoja kutoka Malindi ambae hana jamaa hapa ni bora zaidi, mlipie nauli na malazi, ni pesa iliotumika vizuri kuliko mapambo.

Alama 100, mimi hugawa hivi: vipimo 30, viungo au mishono 30, umalizi 20, usalama na usafi wa sehemu yake ya kazi 10, na hesabu ya gharama 10. Hiyo ya hesabu watu huiruka na si vyema. Kila kijana aandike katumia nini na angemuuzia mteja bei gani, utaona mambo, mmoja aliwahi kuniandikia bei ndogo kuliko mbao alizotumia, na kazi yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Tulimkalisha tukamfunza hesabu wiki nzima.

Namna ya kuangalia, ili waamuzi wasipige ramli:

Fremu, pima kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, alafu pima ile nyengine. Zikitofautiana imepinda, hata kama kwa macho inavutia. Kiungo, chukua kipande cha karatasi ya daftari ujaribu kukipenyeza kwenye maungio, kikiingia toa alama. Kipige kofi, kisilie. Alafu nusa! Gundi nyingi inanuka, na gundi nyingi inaficha kitu.

Nakshi, usitazame kwa mbele tu, ielekeze kwenye mwanga wa pembeni, mchana wa saa 10 hivi ndo mzuri, hapo utaona chini ya ua pale patasi iliporuka. Kina kiwe sawa mwanzo mpaka mwisho. Wengi huanza vizuri kona ya kwanza na kufika kona ya 4 wamechoka.

Kalafati, mimina maji upande wa ndani ungoje nusu saa unywe kahawa yako, alafu pitisha mkono upande wa nje. Mkono ukiwa mkavu, mpe alama zake.

Nguo, ipindue ndani nje. Nje kila mtu anajua kupendezesha. Vuta mshono wa kwapa taratibu. Umeme, zima kwanza, fungua soketi, vuta kila waya kidogo, ukichomoka basi nyumba ya mtu ingeungua.

Kila mwamuzi aandike alama zake peke yake bila kuzungumza na mwenzake, alafu ndo mkusanye. Mkizungumza kwanza, mzee mwenye sauti kubwa ndie ataamua. Karatasi zote zitunzwe, utazihitaji (soma kule chini kwenye malalamiko).

6. Nunua tuzo, na tuzo ni vifaa.

Seremala: patasi 4 (milimita 6, 12, 19 na 25), kinoo, guniya (ile ya kupimia pembe mraba) na futi. Ukiwa na pesa zaidi ongeza randa. Wa mashua: tezo na keekee, na mpini wa tezo mwache achague mwenyewe maana mkono wake anaujua yeye. Cherehani: mkasi mzuri wa kukatia, futi na pasi, na mwambie mkasi ule usikate karatasi. Umeme: testa, plaizi, bisibisi zenye mpini wa kuzuia umeme, na mita. Mashine: seti ya spana.

Nunua kimoja kizuri kuliko vitano vya ovyo. Patasi laini inayopinda makali ukigonga mara mbili ni matusi, afadhali ungempa zile pesa. Kabla ya kulipa, jaribu makali dukani, muuzaji akikasirika nenda duka jengine. Na kila kifaa kichome au kichonge herufi za jina la mshindi kwenye mpini. Hii ina sababu, utaiona huko mbele.

Kuna tuzo nyengine ambayo watu hawaifikirii na huenda ndo kubwa kuliko zote: mlipie ada ya mtihani. Kijana aliejifunza kwa fundi tu bila kukaa chuo anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unaanza daraja la 3 unapanda la 2 mpaka la 1, na ile karatasi ndo anaombwa akienda kutafuta kazi kwenye kampuni. Mkono anao, karatasi hana, na mara nyingi kinachomzuia ni ada na nauli ya kufika kituo cha mtihani.

7. Vyeti.

Kiandike "cheti cha tuzo", usiandike cheti cha kufuzu. Kufuzu kuna wenyewe, chuo lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, na wewe mwenye karakana ukijitolea diploma zako utamtia kijana aibu siku ya usaili. Andika kazi yenyewe alofanya: "alitengeneza fremu ya dirisha yenye viungo vinne vya ulimi na tundu, bila msumari, kwa saa 6." Hilo mteja analielewa. "Kwa juhudi na nidhamu" haimwambii mtu kitu. Tia tarehe, majina na saini za waamuzi, na namba ya simu ya karakana ili mtu akitaka kuuliza aulize. Jina lake soma mara 3. Tulishawahi kuandika jina la utani kwa sababu hakuna aliejua lake la kweli, ikabidi tuchape upya usiku.

8. Alika watu wenye kazi.

Kila mtu anataka mgeni rasmi mkubwa. Sawa, vyuo vidogo vya ufundi viko chini ya kaunti tangu ugatuzi, kwa hiyo mwalike afisa wa elimu ya ufundi wa kaunti, ni haki yake na yeye anaweza kukusaidia baadae. Lakini viti vya mbele, nakuomba sana, waweke wale watakaompa kijana kazi Jumatatu. Mwenye nyumba za wageni kule Shela. Msimamizi wa ukarabati. Nahodha mwenye mashua 2 zinazovuja. Bi mwenye duka la nguo. Huu mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, mlango wa nakshi ukioza mwenye nyumba hatii wa bati, lazima atafute fundi, basi amuone fundi siku hiyo akiwa amesimama pembeni ya kazi yake.

Barua zitoke wiki 3 kabla, na simu siku 2 kabla. Chifu umpe taarifa, na kituo cha polisi kama ni nje uwanjani. Mkitaka pale Mkunguni mbele ya ngome, au ndani ya ngome yenyewe, nenda mapema kwa watu wa Makumbusho, ngome iko chini yao. Ngome inapendeza kwa picha, ila kubeba fremu, viti na ubao wa umeme kupitia vichochoroni kunataka hamali na mkokoteni, weka hesabu hiyo.

9. Siku yenyewe.

Kazi zote zipangwe mezani toka mapema, hata za wasioshinda, kila moja na jina na namba ya simu ya aliefanya. Watu wapite wazitazame na kuzishika nusu saa kabla ya neno lolote kusemwa. Mimi hii nusu saa naipenda kuliko sherehe yenyewe, utaona mzee hajui kusoma lakini anapitisha kidole kwenye nakshi anatikisa kichwa.

Kisha dua, kukaribisha kwa dakika 3, na TUZO KWANZA. Hotuba baadae. Mgeni rasmi ana haraka siku zote, ukitanguliza hotuba ataondoka katikati na tuzo itatolewa na karani.

Kila mshindi aitwe na kazi yake, mwamuzi mmoja aeleze kwa sentensi 2 kwa nini, akiwa amekishika kitu chenyewe: "Tazameni hapa, nimetia karatasi haikuingia." Watu huelewa hapohapo. Mama au baba, au fundi aliemfunza, aje mbele pia. Na huyo fundi mtaje, ana haki.

Binti akishinda umeme au useremala, mwite fundi kama wenzake. Yale maneno ya "hata wasichana nao wanaweza" yaacheni jamani, mwenzenu kashinda kwa alama. Picha pia muulize kwanza, yeye na wazazi wake, kuna wasiopenda picha zao zizunguke kwenye magrupu ya wasapu, na kwa walio chini ya miaka 18 usipige bila mzazi kukubali.

Chakula kiwe cha kawaida. Pilau, kachumbari, juisi ya ukwaju. Au kama pesa hakuna, mahamri na viazi karai na kahawa, hakuna atakaekulaumu.

10. Wiki 2 baadae.

Mpigie kila mshindi. Amepata kazi? Vifaa viko? Wale wenye kazi waliochukua namba wamepiga? Kama hawajapiga, wapigie wewe. Hatua hii haina picha wala makofi na ndo maana hakuna anaeifanya.

VIKIKWAMA

Mfadhili ameingia mitini. Ndo maana tulisema uchukue vitu wiki 2 kabla. Kama imeshatokea, punguza idadi ya tuzo, usipunguze ubora wake. Bahasha tupu usitoe kabisa, nshaiona ikitolewa mbele ya watu na kijana kaifungua palepale.

Wawili wamelingana alama. Warudishe kwenye viungo au mishono, mwenye alama nyingi hapo anashinda. Bado sawa? Wape wote 2, gawa vifaa, na ukimpa mmoja randa mwengine mpe patasi, watakuwa wanaazimana na hilo si baya.

Mzazi analalamika kuwa mwanawe kaonewa. Usibishane nae pale uwanjani. Mwambie, "Mama, karibu kesho karakanani," mpe chai, mtolee karatasi za alama za waamuzi wote 3, mpe na ile kazi aishike yeye mwenyewe. Mmoja aliniletea maneno makali kweli, nikampa karatasi aipenyeze kwenye kiungo cha mwanawe, ikapita ikatokea upande wa pili. Akacheka, tukamaliza.

Mshindi hayupo, kapata kibarua bandarini au kaenda baharini. Apokee mzazi au fundi wake. Usimnyang'anye kwa sababu hakuja, kwani si ulikuwa unataka apate kazi?

Mvua. Kazi za mbao ziingizwe ndani kabla ya watu. Watu watakauka.

Mwamuzi wa nje hakufika. Ahirisha kuamua, si lazima uahirishe sherehe kama bado kuna siku. Kama ni siku yenyewe, mtafute fundi wa fani nyengine kabisa, fundi mashua anaweza kuona kiungo kibovu cha dirisha vizuri tu.

Fundi wake kavichukua vile vifaa anasema ni vya karakana. Hii hutokea kuliko mnavyodhani, na mara nyingi fundi hana nia mbaya, amezoea kwamba kilichomo karakanani ni chake. Kwa sababu hiyo herufi za jina zichongwe kwenye mpini, na siku ya kutoa, fundi na kijana wote watie saini kwenye daftari kwamba vitu ni vya kijana na akiondoka anaondoka navyo. Ukiwa hukufanya hivyo, nenda ukazungumze nae faragha kwa heshima, baada ya sala, bila watu. Usimtume mtoto.

Mshindi kauza vifaa. Muulize kwanza kwa nini kabla ya kumsema. Wangu mmoja aliuza seti ya spana kumnunulia dada yake dawa. Tuliikomboa kwa yule alieinunua, tukamkata kidogo kidogo kwenye kazi mpaka ikarudi, na zile spana anazo mpaka leo isipokuwa namba 13, ilimtumbukia majini pale gatini.